Mwanamke wa Njia ya Tatu

Msusi alifunga saluni mapema siku hiyo, na mteja wake alikuwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa. Alimpa kilemba ajifunge, akamwambia, "Dada, nisubiri kidogo, nina safari ya mara moja. Mchana tunamaliza." Mteja alijitazama kwenye kioo, akageuka upande uliosukwa, akageuka na ule mwingine, kisha akafunga kilemba akasema sawa. Msusi akachukua mkoba wake, akapita nyumbani kumchukua shangazi yake, wakaenda kwa fundi kuchagua mashine.

Mashine yenyewe ni kinasa sauti cha zamani, kile cha kanda, chenye njia nne. Asiyekijua aelezwe hivi. Kanda ya kawaida, ukiimba juu yake mara ya pili, ile ya kwanza imefutika. Hii inaigawa kanda moja kama shamba lenye matuta manne. Unapanda sauti kwenye tuta la kwanza, unarudisha nyuma, unajisikiliza huku unapanda ya pili, na la kwanza haliguswi. Mtu mmoja anaweza kuwa kwaya. Msusi alikuwa na nyimbo zake, alizitunga akiwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu, na alichoka kuzibeba. Alijaribu kuzirekodi kwa simu, lakini simu yake ilichukua kila kitu kwa mkupuo mmoja, na mbwa wa jirani humohumo.

Shangazi hakuwa na sauti. Iliondoka kabla Msusi hajazaliwa, siku ile bendi ya Kapteni iliporekodi wimbo ambao mpaka leo redio haziuachi. Alirudi nyumbani jioni, akafika mlangoni, akafungua mdomo kupiga hodi, hodi haikutoka. Daktari alimmulika kooni akakuta kila kitu kipo mahali pake. "Koo zima," alimwambia mama yake. "Sauti tu ndiyo haimo." Mama akamtafutia kikombe cha bati na kijiko. Kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kwa mambo mengine yote alikuwepo kaka yake, baba wa Msusi, ambaye alimsemea. "Dada anasema chai haina sukari." "Dada anasema wageni mmekaa sana." Mara nyingi Shangazi hakuwa amesema hivyo, lakini mpaka atafute kijiko, maneno yalishatoka.

Duka la Fundi lilibanwa kati ya mshona viatu na mtu wa fotokopi. Redio zilikaa kwenye rafu matumbo wazi.

"Shikamoo, Shangazi," Fundi alisema.

Shangazi alitoa kikombe kwenye mfuko, akagonga mara moja.

"Marahaba hiyo," Msusi alisema.

"Nimeisikia. Karibuni. Ninazo tatu, na sitawaficha kitu. Mashine ya mitumba ni kama mume wa mitumba, uliza kwanza kwa nini aliachwa."

Ya kwanza ilikuwa kubwa na nzito. Fundi aliisukuma kwa goti. "Hii ukiichukua, chukua na mtu wa kuibeba." Msusi aliimba ubeti mmoja kwenye maiki, wakarudisha, wakasikiliza. Sauti ilitoka nene na ya polepole, kama ya mwanaume aliyeamshwa.

"Mimi huyo?"

"Wewe ukiwa na mafua. Mota imechoka, haishiki mwendo."

Ya pili ilikuwa safi hata mwanga wa dirisha ulionekana juu yake. Msusi aliipenda. Lakini baba yake alikuwa amemwelekeza kabla hajatoka, maana ndiye aliyekuwa akibonyeza vitufe enzi za bendi: usiangalie sura, fungua mlango wa kanda, pitisha ukucha juu ya kile kichwa kinachosoma sauti. Ukucha ukiteleza, kizima. Ukikwama, kanda zimeshakichimba mfereji, hakitasoma vizuri tena. Msusi alipitisha ukucha. Ulikwama.

"Baba yako alikuwa mtu wa studio," Fundi alisema. Hakuonekana kukasirika.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, na juu ya mfuniko ilikuwa na alama ya kuungua, umbo la pasi. Ukucha uliteleza. Mwendo ulikuwa mmoja, haupandi haushuki. Vishikio vya kupandisha na kushusha sauti havikukwaruza.

"Hii kuna mtu aliifanya meza ya kupigia pasi," Fundi alisema. "Lakini ndani nzima. Mpira unaozungusha kanda nimebadilisha mwenyewe. Ina kasoro moja tu. Njia ya tatu ina mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Simjui. Weka kanda yoyote unayotaka, hata mpya ya kwenye nailoni, yumo. Hana matata. Anauliza swali lake tu."

"Umejaribu kumfuta?"

"Nimepitisha pamba na spiriti. Nimebadilisha hata kichwa chenyewe. Anasema asante, halafu anauliza tena."

Alieleza kwa utaratibu nani aliirudisha. Mpiga picha za harusi aliirudisha kwa sababu mwanamke yule aliuliza katikati ya viapo. Mhubiri aliirudisha kwa sababu waumini walitaka ajibiwe. Mwalimu wa muziki ndiye aliyekaa nayo zaidi, mpaka wanafunzi wakaanza kumpenda huyo kuliko somo.

Msusi alivaa hedifoni, akapandisha kishikio cha tatu. Alisikia pumzi. Akasikia kikohozi kidogo, cha mtu aliyegeukia pembeni ili asisumbue. Kisha sauti ya msichana, nyembamba na safi kama maji yanayomiminwa kwenye glasi, ikasema, "Kapteni, nirudie?"

Hakuitambua, maana hakuwahi kuisikia. Alimvalisha shangazi yake.

Shangazi alisikiliza. Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeona nguo yake iliyopotea siku nyingi imevaliwa na mtu mwingine njiani, nayo imemkaa vizuri. Alivuta stuli akakaa. Alisikiliza tena. Kisha aligonga kaunta mara moja, kwa kidole kitupu.

"Hiyo ni ndiyo?" Fundi aliuliza.

"Ni ndiyo," Msusi alisema. "Tunachukua hii."

Fundi aliwapunguzia kwa ajili ya mwanamke yule, akaongeza hedifoni yenye sikio moja bovu. Aliwafungia mashine kwenye gunia. Alipowafikisha mlangoni alisema, "Kwaheri, binti," na hakuwa akimwambia Msusi.

Saluni Msusi aliifungua jua likiwa linashuka. Mteja wake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kilemba magotini.

"Si ungeenda kwako, dada yangu?"

"Ulisema nikusubiri," mteja alisema.

Msusi alimsuka upande uliobaki, akaomba radhi mara nyingi kuliko kosa lenyewe.

*

Habari ya siku ile ya kurekodi, kila mtu nyumbani aliijua, ila haikuwa na mahali pa kukaa kwenye mazungumzo. Ilikuwa hivi. Studio ilikuwa na mashine ya njia nne, hiihii, ikiwa bado haina alama ya pasi. Ngoma na besi zilikaa njia ya kwanza. Gitaa njia ya pili. Shangazi alikaa ya tatu, na wimbo ulikuwa wake nusu, kwa sababu yeye ndiye aliyeita na Kapteni akaitika. Kapteni alikaa ya nne. Kisha, kazi ikiwa imekwisha, Kapteni alikuja na mpiga kinanda. Nafasi hakuna.

Nafasi ikikosekana, watu wa studio huhamisha. Wanachukua njia mbili, wanazimimina kwenye moja kama anayehamisha unga wa makopo mawili kwenye kopo moja, halafu ile iliyobaki tupu inachukua kitu kipya. Kaka mtu aliwamimina Kapteni na dada yake pamoja. Sasa yeye alikuwa na desturi moja ya upendo: alijua dada yake hukohoa kabla ya ubeti, kwa hiyo kila kikohozi kilipokaribia alishusha kishikio chake, asiaibike, kisha akapandisha. Siku ile alishusha. Kapteni akamsemesha jambo. Hakupandisha. Walipomaliza kuhamisha, kwenye kopo jipya alikuwamo Kapteni peke yake, na kwenye lile la zamani, juu ya msichana, kinanda kilikuwa kimeshapigwa.

Kaka aliligundua kosa, akalisema. Kapteni alisikiliza wimbo mzima, akatikisa kichwa kwa raha. "Umekaa vizuri hivihivi," alisema. "Acha." Msichana alikuwa nyuma ya kioo, hajui. Aliuliza kwenye maiki kama arudie. Kapteni akabonyeza kitufe cha kuzungumza naye. "Subiri hapo, binti. Tutakuita." Wakaondoka wote kwenda kula. Alisubiri mpaka mfagiaji akaja na ndoo, akamwambia ainue miguu.

Alirudi nyumbani mwenyewe. Sauti ilibaki, kwa sababu ndiyo iliyoambiwa isubiri.

*

Mashine iliwekwa juu ya meza ya chakula, na Msusi akaiunganisha na spika ya redio ili wote wasikie. Mzee, baba yake, alivua kofia. Sauti ilipouliza swali lake aliangalia ukutani, akaangalia dada yake, akaomba maiki.

"Dada. Ni mimi. Njoo nyumbani."

"Kaka!" sauti ilisema, kwa furaha. "Nimeanza vizuri?"

"Umeanza vizuri sana. Kazi imekwisha, dada. Toka huko."

"Kapteni amesema nisubiri. Ataniita."

"Siku nyingi zimepita."

"Sawa, kaka. Lakini ndivyo alivyosema."

Mzee aliweka maiki mezani. Shangazi alisogeza kiti, akachukua kijiko, akagonga kikombe karibu kabisa na maiki. Mara moja. Akangoja, akagonga tena.

"Nani huyo anagonga?" sauti iliuliza. "Tafadhali, tunarekodi."

Shangazi alilaza kijiko mezani taratibu, kisisikike.

"Dada anasema amechoka," Mzee alisema.

Shangazi hakuwa na kijiko mkononi, basi ikawa hivyo.

*

Wiki iliyofuata walikwenda kwa Kapteni. Mzee alisema, "Dada anasema mimi nibaki nilinde nyumba." Shangazi aligonga mara mbili. Mzee alibaki hata hivyo. Msusi alibeba mashine kichwani kwenye gunia lake, Shangazi akabeba waya na kikombe.

Nyumba ya Kapteni ilikuwa imejengwa na ule wimbo. Aliyesema hivyo ni Kapteni mwenyewe, akiwapitisha sebuleni: dirisha hili lilitoka redioni, vigae hivi ni vya sherehe za watu. Alikuwa mzee mnene, mchangamfu, mwenye kaptura na soksi. Alimwita Shangazi "mrembo wangu wa kuitikia," akaagiza soda.

"Hakuwa wa kuitikia," Msusi alisema. "Alikuwa anaita. Wewe ndiye uliyeitika."

"Enhee, enhee. Zamani hiyo."

Waliwasha mashine. Sauti ilikohoa pembeni. "Kapteni, nirudie?"

Kapteni alitua glasi. Alitabasamu na macho yakamlowa, wala hakuwa akiigiza. "Jamani. Yumo bado. Sikiliza sauti hiyo! Sikilizeni."

"Tunaisikia," Msusi alisema. "Babu, neno lako moja tu. Uliiambia isubiri, sasa iite. Ikitoka humo itarudi kwake."

"Hilo tu? Jambo dogo." Alishika maiki kama mtu asiyewahi kuiacha. Jikoni redio ilikuwa ikipiga ule wimbo, kama ilivyokuwa ikiupiga karibu kila asubuhi, na ulikuwa umefika kwenye kinanda. "Haya, binti," Kapteni alisema. "Haya, njo..."

Jikoni kinanda kilirudi nyuma. Hakikuzimika. Kilisogea pembeni, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni, na pale kilipokuwa ikasikika pumzi ya msichana anayejiandaa kuimba. Barabarani, redio ya dereva wa lori lililoegeshwa ilifanya hivyohivyo. Shangazi alifungua mdomo. Kitu kilimpanda kooni mpaka mishipa ikaonekana.

Kapteni alisita. Alisikiliza jikoni, akasikiliza barabarani. Alishusha maiki.

Kinanda kikarudi mahali pake.

"Mnaona?" alisema kwa upole. "Nikimwita, anaingia. Anaingia kwenye redio zote, kwenye kila nyumba. Watu wataniuliza huyu ni nani. Wataniuliza alikuwa wapi. Niwaambie nini, mtu mzima mimi?"

"Uwaambie alikuwepo."

"Binti yangu, watu wameoana na wimbo huu ulivyo. Wamezikana nao. Nani anataka aamke akute umebadilika?"

Shangazi aligonga kikombe mara mbili. Mara mbili tena. Aligonga mpaka soda zikatikisika mezani.

"Anasemaje?"

"Anasema hapana."

"Mwambie asipandishe hasira, umri wetu huu ni wa presha." Simu yake ililia. Alitazama namba, akajipangusa macho. "Hawa ni wa redio, wananitaka nikaeleze historia ya wimbo. Samahanini kidogo." Lakini kabla hajainuka aliinamia maiki, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu na hakupenda kumwacha mtu bila jibu. "Subiri kidogo, binti. Tutakuita."

"Sawa, Kapteni," sauti ilisema.

Walimsikia kwenye korido akicheka na watu wa redio. Shangazi alikunja waya, akaufunga vizuri kwa uzi. Msusi alitaka kuiacha mashine palepale sebuleni, imuulize Kapteni swali lake asubuhi na jioni. Shangazi aligonga mara mbili. Waliibeba wakarudi nayo.

*

Tangu siku hiyo mashine inakaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha. Shangazi aliishonea kifuniko cha kitambaa, akaacha tundu upande wa vishikio, ili ndani pasiwe na joto. Msusi anarekodi nyimbo zake jioni akitoka saluni. Anaimba njia ya kwanza, anajiitikia njia ya pili, na ya nne ni ya Shangazi na kikombe chake, maana mkono wake una mwendo ambao mota haiwezi kuushinda. Njia ya tatu hawaigusi. Nyimbo za Msusi zina shimo mahali hapo, na waliozisikia wanasema ni nzuri ila kama zinangoja mtu.

Mzee ameacha kumsemea dada yake. Huanza, "Dada anasema," kisha husimama hapo, humtazama, na kumsogezea kijiko. Inachukua muda mrefu kujua kama chai ina sukari.

Kapteni alialikwa redioni akaeleza historia ya wimbo. Alizungumza vizuri sana juu ya mpiga kinanda.

Jioni moja jirani alifungulia redio, wimbo ukawa unapita dirishani. Mashine ilikuwa imewashwa, Msusi ameingia jikoni kuangalia sufuria, Mzee amesinzia na kofia usoni. Kinanda kilipokaribia, sauti ilivuta pumzi kwenye njia ya tatu, ikaishika, ikaiachia. Kisha ikauliza kama irudie.

Shangazi alikuwa akikoroga chai yake. Kijiko kiligonga kikombe.

"Ni wewe tena," sauti ilisema. Safari hii haikumwambia anyamaze. Iliongea kama msichana anayemchungulia mgeni kwenye benchi moja la kusubiria. "Wewe wa kikombe. Na wewe umeambiwa usubiri?"

Shangazi aligonga mara moja.

"Uliambiwa na Kapteni?"

Mara moja.

"Basi sogea," sauti ilisema, "tusubiri wote."

Shangazi alivuta kiti chake karibu na mashine, akapuliza chai.